Kioo cha Itto

Mzee Bouazza alipanda kilima cha kwenda shule akiwa amekumbatia kioo cha dirisha. Alikuwa amekifunga ndani ya blanketi, na alitembea polepole kwa kuhofia barafu iliyoganda njiani. Watu wa Midelt walimpisha huku wakimcheka chinichini.

Langoni mlinzi alimsimamisha.

"Unakwenda wapi na hicho, mzee?"

"Kwenye mkutano wa wazazi. Kuna kioo kilivunjwa, nimeleta kingine."

"Kioo gani? Madirisha yote mazima, mimi ndiye ninayeyafunga."

"Barua inasema kimevunjwa," alisema Bouazza, akajigusa kifuani, pale alipoiweka barua ndani ya kanzu yake ya sufi. Mlinzi alitikisa kichwa, akamfungulia.

Barua ilikuwa fupi. Itto amevunja kioo cha darasa kwa mpira. Asirudi shuleni mpaka aje na baba yake. Baba mwenyewe, si mtu mwingine.

Siku Itto alipomletea barua ile, Bouazza alikuwa mkahawani akicheza karata, na karata zilikuwa zimemkubali. Mtoto alisimama kando ya meza, barua mkononi, akingoja. "Nenda kwa mama yako," alimwambia bila kuinua macho, kisha akaibamiza karata yake mezani na wenzake wakamshangilia. Karata alizoshika siku ile alizikumbuka zote. Uso wa mtoto hakuukumbuka, kwa kuwa hakuutazama.

Mambo ya shule yalikuwa ya mkewe. Sasa mkewe alikuwa kaburini tangu kiangazi, na barua Bouazza aliikuta kwenye kopo lake la nyuzi na vifungo. Siku ya mazishi Itto alimpa baba yake mkono kama walivyompa majirani, akaenda kukaa kwa mama yake mdogo, ng'ambo ya mto, na tangu hapo hakutia mguu nyumbani. Bouazza alikwenda kubisha huko mara tatu. Mara zote aliambiwa Itto amelala, na jua bado liko juu. Basi akarudi kupika chai ya mtu mmoja na kuzungumza na birika. Alitaka jambo moja tu duniani, Itto amsemeshe.

Nje ya darasa la tatu wanawake walikuwa wamejaa kwenye benchi. Walimsogezea nafasi.

"Mjukuu wako anaitwa nani, babu?" aliuliza mmoja wao, mama mnene mchangamfu aliyejitambulisha kuwa ni mama Ritaj.

"Si mjukuu. Ni binti yangu. Itto."

"Binti! Mashallah, mzee bado umo!" Benchi zima likaangua kicheko. "Na hilo jina umelifukua wapi? Si la bibi zetu hilo? Siku hizi ni Ritaj kwa Ritaj, ukiita mmoja wanakuja saba."

"Ni jina la mama yangu."

"Aa, hapo sawa. Anakaa wapi darasani? Ritaj wangu hajawahi kumtaja."

"Mbele," alisema Bouazza. "Mbele kabisa."

"Basi jikaze, mzee wangu, maana mwalimu huyu mpya ni moto. Mimi kaniambia, 'Wewe mama Ritaj nimeshakuona, namtaka baba.' Nikamwambia baba yuko Casablanca anawajengea watu maghorofa. Kasema hata ikiwa mwaka mzima, atamngoja."

"Na mtoto? Kamfukuza?" Bouazza aliuliza upesi.

"Nani, huyo? Hafukuzi mtoto hata kwa dawa. Ije mvua, ije theluji, mtoto anaingia darasani. Anayesakwa ni baba." Akamtazama mzee kwa huruma kidogo. "Kishike vizuri. Utakiangusha hicho kioo."

Bouazza alikikumbatia zaidi. Alitamani kuinuka ajiendee zake, lakini aende wapi? Akifukuzwa na hapa, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake kwenye benchi.

Aliitwa.

Ndani, jiko la kuni lilikuwa linazimika. Mwalimu alikuwa ameinamia daftari lake akiandika. Mbele ya meza palikuwa na kiti kimoja tu, kiti cha mtoto, na Bouazza alikikalia hivyo hivyo, magoti yakimfika kidevuni.

"Jina la mtoto?" aliuliza mwalimu bila kuinua macho.

"Itto."

Kalamu ilisimama.

Mzee alifungua blanketi, akakilaza kioo juu ya meza. Kisha akatoa barua. Ilikuwa imechanika kwenye mikunjo, na wino wake umefifia, ikabidi aipange juu ya kioo vipande vinne.

"Barua inamtaka baba," alisema. "Nimekuja."

Mwalimu alivisoma vipande vile kimoja kimoja, mpaka akakifikia chenye tarehe. Akavua miwani, akamtazama.

"Nilikuwa na miaka minane, baba," alisema. "Nilikungoja pale langoni siku tisa."