Jina la Tovuti ya Hajira

Ilibaki kubonyeza tu. Kwenye simu ya binti wa kaka yake lilikuwa limeandikwa jina alilolichagua Hajira mwenyewe kwa ajili ya tovuti yake: mikekaboranaimarayarufiji. Refu kama ukili wa mkeka mzima.

“Shangazi, nani atalikumbuka hili?”

“Mwenye shida ya mkeka atalikumbuka.”

Hajira aliendelea kusuka. Rangi ya zambarau ya ukindu ilikuwa imemkolea vidoleni hadi ndani ya kucha.

Bodaboda ikasimama nje, akashuka mwanamke mgeni. “Hodi. Ndiyo hapa kwa Bi Sipunguzi? Nimeelekezwa tangu Umwe.”

Binti akainamia simu. Kibiti nzima ilimwita hivyo shangazi yake, ila hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake.

Vile vidole vya zambarau vikatulia juu ya ukili. Miaka thelathini Hajira amewajibu wateja neno hilo hilo moja, kumbe lenyewe limeshatembea mpaka Umwe, mahali ambapo yeye hajawahi kufika. Pembe ya mdomo ikaanza kumcheza.

“Hilo jina lina mwenyewe huko mtandaoni?”

“Halina, shangazi. Nilishaliangalia.”

“Ulishaliangalia.” Akamkazia macho kidogo. “Haya, futa hilo refu. Weka hilo.”

Binti akabonyeza.

Mgeni alikwisha kuchagua mkeka, anaupapasa kwa kiganja. “Mashallah, kazi hii. Utanipunguzia kidogo, mama?”

Hajira akaichukua simu mkononi mwa binti, akamgeuzia mgeni kioo.