Kilima Kisichoumwa Kichwa

Mukandori alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kichwa amekifunga kitenge kwa nguvu hadi nyusi zimepanda, pale msichana wa utafiti wa kipandauso alipomuuliza kama maumivu yamewahi kumzuia kufanya kazi.

"Hapana," mama mkwe alimjibia kutoka mlangoni. "Banamuke ba hapa habazuiwi na kichwa."

Mume wa Mukandori, aliyekuwa kitini akisubiri sombe, aliunga mkono.

Msichana alifurahi. Alisema hata utafiti wa zamani haukupata mwanamke aliyeacha kazi kwa kichwa kwenye vilima hivi vya Mweso. "Kilima chenu iko na afya, Mama!"

Mukandori aliinua mchi. Kila uliposhuka kinuni, alimwona msichana akiwa wawili. Akamgeukia mama mkwe. Kitenge alichojifunga mzee kichwani kilikuwa kimeteleza, na kwenye paji la uso kulibaki mfereji ambao mtu angeweza kupanda maharagwe humo.

Mukandori akaacha kutwanga. Akamwendea mumewe, akamtia mchi mkononi.

"Andika siku moja ya kuzuiwa na kichwa," akamwambia msichana. "Ni leo. Inaanza sasa."

Akajilaza kwenye mkeka.

"Mama, unamusikia?" mume alilalamika.

Mama yake alikuwa ameshavua viatu.

"Ugonjwa umepanda ghafla," msichana alinong'ona, akiandika mbiombio.

"Mimi, andika tangu niliolewa," mzee akamwambia, akiinamia mkeka. "Mukandori, mutoto wangu, sogea."