Zaidi ya Sekunde Arobaini

Kila mchezaji wa gofu alipewa sekunde arobaini za kupiga mpira, na kila sekunde iliyozidi ilimwongezea mkewe mwaka mmoja wa umri. Anande, mwenye miaka thelathini, aliketi mbele ya runinga akimtazama mumewe akirusha majani ya nyasi hewani kupima upepo kwenye shimo la mwisho.

“Piga, Baba Upendo! Upepo ni uleule!”

Mume akapiga kwenye sekunde ya themanini, akashinda.

Jioni aliingia na kombe, akavua kofia mbele ya ajuza aliyeketi sebuleni.

“Shikamoo, mama mkwe! Umefika lini? Anande yuko wapi?”

Anande alisita. Lakini shikamoo haiachwi bila kuitikiwa.

“Marahaba, mwanangu.”