Masizi

Fundi alikuwa ameishika turbo, tayari kuifunga ili gari dogo aliloacha marehemu liongezeke kasi, mjane alipoomba aiangalie yeye kwanza. Mwanawe, aliyeitaka kasi hiyo, alisimama kando.

"Mpya kabisa, mama. Imetoka kwenye boksi sasa hivi."

Boksi lilikuwa jipya, hilo hakulikataa. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa kile chuma, akazungusha taratibu, kama anayekagua sufuria la kuazima. Kidole kikatoka cheusi hadi kwenye kucha.

"Hiyo ni grisi ya kiwandani," fundi akacheka.

Mjane akakinusa kidole. Grisi hainuki moshi, na chombo kisichoona moto hakina masizi. Hilo alilijua kabla fundi hajazaliwa.

"Ikipasuka mwanangu akiwa mbioni?"

"Haipasuki, mama. Mungu shahidi."

"Mungu tusimchoshe. Ukishaifunga, utalijaribu gari wewe kwanza barabara kuu, na mkeo umpakie."

Akamnyooshea ufunguo wa gari.

Mwanawe akageuka kumtazama fundi. Fundi alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na ufunguo ukabaki hewani.