Taa ya Bluu Shambani kwa Semboja

"Pima tena!"

Shamsia, msoma kipimo wa skimu ya umwagiliaji, akachutama. Akaunganisha upya kidude chake na waya mbili za kipimo kilichofukiwa, zilizochomoza ardhini na kufungwa kigingini. Taa nyekundu ni kiu, kijani ni wastani. Ikawaka bluu.

"Udongo umelowa, mzee."

"Umelowa nini, mate yenu?" Semboja akaenda katikati ya shamba, akachota udongo, akaupuliza. Likaruka vumbi. Mahindi ndiyo kwanza yanachanua, na majani yamejisokota kama sigara. Shina moja tu, lile la kando ya kigingi, lilikuwa bado kijani. Lile lilikuwa na ukaidi wa marehemu mkewe, Mwaija.

Hashim, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama tutani akitafuna muwa na kutema makapi mferejini.

"Bluu ikiwaka, lango halifunguliwi," Hashim alisema. "Zamu nyingine siku kumi."

"Siku kumi haya ni kuni!"

"Mzee wangu, kidude hakina ndugu."

"Kidude hakina. Anao aliyekishika."

"Si ndiye wewe uliyesema kipimo kifukiwe hapa?"

Ni kweli. Wataalamu walitaka katikati ya shamba. Yeye akang'ang'ania pembeni, penye jiwe bapa ambalo Mwaija alimwekea zamani asichafue miguu. Alitaka akilinde kwa macho yake, wasije wakakichezea. Nani angewaamini? Mwaija alikufa akisubiri gari la wagonjwa, na gari wakubwa wamekwenda nalo mkutanoni. Tangu siku hiyo nyumba ilimshinda. Alfajiri inamkuta shambani, isha inamkuta shambani, yeye na dumu lake la lita tano.

"Nendeni," alisema. "Mnanuka."

"Haya, mzee, shikamoo," alisema Shamsia kwa aibu.

Punde lango la chini likalia kwa kutu, maji yakapita mbele ya shamba la Semboja yakielekea kwa Hashim, yamebeba makapi ya muwa. Akayatazama mpaka yakapotea. Akatema mate. Walewale! Juzi gari, leo maji.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka Magoma.

"Ya Rabi," alinong'ona, "nifichulie anayeninyima maji."

Akavua kofia, akaitundika kigingini kama kawaida yake, akapanda juu ya jiwe la Mwaija na kuinamisha dumu. Maji yakapita viganjani, yakapita usoni na mikononi, yakaishia miguuni. Kisha yakateremka taratibu, yakizifuata zile waya mbili mpaka chini, kama ya adhuhuri, kama ya jana.