Kiboksi cha Mama Itsuki

Mama Reiji alikishika kile kiboksi kwa vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa nepi chafu.

"Ni kitu kidogo tu," alisema Mama Itsuki, akiinama mlangoni. "Ni mambo ya watoto wetu. Tafadhali ukifungue ukiwa peke yako."

"Usingejisumbua," alijibu Mama Reiji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema alichomaanisha. Hakumkaribisha ndani.

Hapa mjini kwetu, kando ya mto Rhine, wanawake wa Kijapani tumepangwa kama vyombo kabatini, kila mmoja kwa cheo cha mumewe. Mama Reiji, mke wa meneja wa tawi, alikaa rafu ya juu na kutuangalia sote utosini. Mume wa Mama Itsuki alipika tambi mkahawani karibu na stesheni, kwa hiyo yeye hata kabatini hakuwamo. Eti watoto wao wasome shule moja ya Kijapani, tena darasa moja la sita. Jambo hilo lilimkera Mama Reiji kila asubuhi.

"Anajipendekeza," alimwambia mwanawe wakila. "Anataka tumwalike kwenye sherehe ya kuagana."

Reiji alikitazama kiboksi, akaweka vijiti chini. "Kasema nini?"

"Atasema nini, mke wa mpika tambi?"

Reiji akacheka kidogo. "Itsuki siku hizi anavaa ndara za wageni darasani."

"Si nilikwambia? Hata viatu vya kuvalia ndani ya darasa vimewashinda kununua."

Kiboksi kilikuwa chepesi mno kuwa na keki ya maana. Lakini karatasi iliyokifunga ilikuwa ya duka kubwa la kifahari la Tokyo, imekunjwa bila kosa hata moja, na karatasi hiyo Mama Reiji aliihitaji. Familia ilikuwa inarudi Japani mwezi Machi. Shule ya wavulana aliyosoma baba yake Reiji, na babu yake pia, ilidai barua ya mwalimu mkuu kuhusu tabia ya mtoto, na barua hiyo ilikuwa bado haijaandikwa. Bila hiyo Reiji angeishia shule ya mtaani, kukaa dawati moja na akina Itsuki wa Tokyo.

Kumwendea mwalimu mkuu mikono mitupu kungekuwa kukosa adabu. Kununua zawadi wakati ya bure ipo mezani, kwa hesabu za Mama Reiji, kungekuwa ujinga.

Kesho yake akaenda. Bwana Tokita, mwalimu mkuu, aliikataa zawadi mara mbili, kama adabu inavyotaka. Mara ya tatu akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele ya walimu waliokuwa wakinywa chai, akaanza kuibandua karatasi.

Mama Reiji alishtuka. Kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. "Mwalimu, si ungengoja niondoke?"

"Uniwie radhi, Mama Reiji. Miaka mitatu na Wajerumani imeniharibu, wao hufungua hapohapo. Halafu ya mzazi siili peke yangu. Tunagawana na wenzangu, isije ikaitwa hongo."

"Ni keki kidogo tu," alisema Mama Reiji, akijikaza kutabasamu. "Nimeichagua mwenyewe."

Ndani hamkuwa na keki. Mlikuwa na viatu vyeupe vya mtoto vya kuvalia darasani, vimekatwakatwa kwa mkasi, jina la Itsuki likisomeka kisiginoni. Juu yake palikuwa na barua. Bwana Tokita aliisoma kwa sauti, polepole, na walimu wote wakasikia:

"Mama Reiji, Itsuki amenikataza kusema, lakini hii ni jozi ya tatu mwanao anamkatia. Najua mnangojea ile barua ya shule. Ndiyo maana nimekuletea wewe peke yako, ili mwalimu mkuu asijue."