Habari ya Tano

Kila Jumanne asubuhi, kabla hata ya kahawa, Solveig alikuwa akichukua gazeti la chuo mlangoni pa bwalo na kulitafuta jina lake. Chuo hakikumpa mtu shahada ya uandishi wa habari mpaka awe na habari tano zilizochapishwa kwa jina lake. Yeye alikuwa nazo nne, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuzikabidhi kwa mshauri wa masomo.

Habari yake ya tano ilikuwepo, tena ukurasa wa kwanza: mpishi wa bwalo anayestaafu, na mikono yake iliyobabuka kwa mvuke wa miaka thelathini. Hakuna neno lililobadilishwa. Ila juu yake palikuwa na jina la mhariri, mwenzake wa chumbani.

Alilisugua jina lile kwa kidole gumba. Wino ukamshika kidoleni, jina likabaki.

"Shoga, usininunie," mhariri alimwambia mezani, huku akipaka mkate siagi. "Ni yule mpanga kurasa, kichwa maji. Wiki ijayo tutasahihisha."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshachelewa. Wewe ulikuwa na ngapi?"

Kisu kilisimama juu ya mkate.

"Nne," alisema. "Nilijua hutasema kitu. Wewe hujawahi kusema kitu."

Solveig alilikunja gazeti, akapanda ngazi hadi kwa mshauri, akaingia bila kubisha hodi.

"Habari hii niliiandika mimi," alisema. "Rafiki yangu ameniibia."